Mkristo wa Malindi, anza na daftari la mwenye duka

Bwana asifiwe wapendwa. Naandika kwa mkristo mwenzangu anayeishi hapa Malindi, uwe uko Maweni, Kisumu Ndogo, Barani ama Muyeye, na unataka imani yako imfae na jirani pia, isiishie kanisani Jumapili. Tumefundishwa sana kushuhudia kwa mdomo na mdomo una kazi yake, lakini tangu 2023 ile miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa kwenye msitu wa Shakahola hapa Kilifi, watu waliokufa njaa wakiamini kufunga mpaka kufa ndo njia ya kumfikia Yesu, mtu akikusikia unasema umeokoka na akaingiwa na wasiwasi usimlaumu. Usibishane naye. Ishi naye tu vizuri, ajionee mwenyewe.

Anza na pesa, manake hapo ndo mtaa unakujua. Kabla hujaweka aya ya Biblia kwenye status nenda kwa mwenye duka umuulize jina lako liko wapi kwenye lile daftari na ulipe, na kama huna yote lipa nusu umwambie siku ya kumalizia, siku ikifika na bado mambo magumu nenda wewe mwenyewe umwambie kabla hajaanza kukutafuta, usianze kupita uchochoro wa nyuma. Dada anayekusaidia kazi za nyumbani mlipe tarehe mliyokubaliana hata kama mchango wa kanisa bado hujatoa, Yakobo 5:4 inasema ule mshahara uliozuiwa unapiga kelele na Mungu anasikia. Kama unaendesha tuktuk, mgeni akitua hapa hajui nauli ya kutoka mjini mpaka Casuarina, mtajie ile ile unayomtajia mama wa sokoni. Na kama wewe ni fundi usiseme "kesho njoo" na unajua kesho nguo haitakuwa tayari, ndiyo yako iwe ndiyo kama Mathayo 5:37 inavyosema. Haya mambo madogo mimi nayaona ni makubwa kuliko mikutano ya injili, sababu mkutano unaisha na watu wanarudi kukaa na wewe.

Halafu tunaishi na Waislamu ukuta kwa ukuta, na wengine ndo waliotulea. Mwezi wa Ramadhani usikae mlangoni mchana na sahani ya mahamri na mbaazi, kula ndani, hakuna aliyekukataza ni heshima tu. Kama mnafanya kazi pamoja mwambie mwenzako jioni nitakushikia zamu wende ukafuturu na watoto. Kesha ya Ijumaa geuzeni spika ziangalie ndani ya kanisa, na mtume mtu mchana aulize kama kuna mgonjwa ama mwenye mtoto mchanga hapo karibu. Jirani akifiwa usingoje Jumamosi kama tulivyozoea kwenye matanga yetu, wao maiti huzikwa haraka mara nyingi siku hiyo hiyo, kwa hivo ukipata habari acha unachofanya uende, kina mama mjitande leso mkakae na wenzenu ndani, wanaume mfuate jeneza. Usihubiri huko. Kaa, toa pole, saidia kubeba maji na viti.

Hospitalini ni vivo hivo, usiende kuombea mtu mikono mitupu. Kuna watu wanatoka mbali ndani ndani huko Magarini na Ganze kuja kuuguza na hawana ndugu mjini, chupa ya uji na nauli ya kurudi nyumbani vinamsaidia, ukishampa ndo umuombee akikubali.

Na ukisikia mhubiri anakataza wagonjwa wasitibiwe au watoto wasiende shule, usiseme hilo si kanisa langu. Nenda kwa chifu, nenda polisi, rudi tena usiposikilizwa. Huko si kumsaliti mtumishi wa Mungu, ni kuokoa watoto.

Sasa jambo linaloniuma zaidi, na hapa mkristo anahitajika kuliko mahali popote. Hapa kwetu Kilifi wazee wanauawa kwa kuitwa wachawi, mtu akishakuwa na mvi na macho mekundu ya moshi wa jikoni basi kila kifo kwenye boma anatupiwa yeye, na ukichunguza vizuri mara nyingi kuna shamba hapo nyuma. Maneno haya huanza kwenye kikao cha familia na siku hizi kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, mtu anaandika nusu nusu "tunamjua aliyefanya hivi". Wewe usinyamaze hapo. Jibu pale pale mbele ya wote, uliza hospitali ilisema marehemu alikuwa na ugonjwa gani, na useme wazi kwamba wewe humo. Mambo ya Walawi 19:32 inatuambia tuinuke mbele ya mwenye mvi, haisemi tumkimbize na panga. Usikubali pia nabii akuambie ameonyeshwa adui yako ni shangazi yako, hata kama hakutaja jina, sababu wale vijana wa nyumbani watalijaza wenyewe.

Ukiona maneno yamepamba moto fanya haraka. Mzee asilale peke yake, pangeni zamu vijana wa kanisa mlale kwake ama mumhamishe kwa binti yake aliye mbali kidogo, mripoti kwa chifu na polisi mkiwataja wanaotishia kwa majina, na asubuhi mtembee naye mpaka sokoni kila mtu awaone mko pamoja. Mwende mkale kwake, chakula alichopika yeye, hiyo watu wanaiona na inazima maneno mengi. Na kama wewe ni mmoja wa warithi wa lile shamba, simama kwenye kikao useme hutaki kusikia habari ya kugawa hata hatua moja maadamu mzee yuko hai.