Kupiga picha pacha za vitu vya mezani kwa kamera moja

Mwaka 1838 mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha kwamba kila jicho huona picha yake, tofauti kidogo na ya mwenzake, na ubongo ndio unaoziunganisha tukaona kina. Picha pacha ni hizo mbili, moja kwa kila jicho. Miaka ya 1850 mpiga picha T. R. Williams wa London alipiga kwa njia hiyo fuvu, vitabu na saa ya mchanga. Vitu vya mezani havitikisiki, kwa hiyo kamera moja, hata ya simu, inatosha kupiga picha zote mbili, moja baada ya nyingine.

1. Panga vitu mbele, katikati na nyuma, vikingane kidogo. Kitu cha mbele kisikatwe na ukingo wa picha.

2. Funga fokasi na mwanga visijibadilishe.

3. Hapa ndipo wengi hukwama. Piga picha ya kushoto, telezesha kamera kulia, piga ya pili. Iteleze tu, usiigeuze: ukiielekeza lenzi kwenye kitu kilekile, mistari ya meza huinama tofauti katika kila picha na macho huuma.

Isogee kiasi gani? Macho yetu yameachana kama milimita 65, na watu hukimbilia kipimo hicho. Kwa vitu vya karibu ni kikubwa mno. Chukua umbali kutoka lenzi hadi kitu cha mbele kabisa, ugawe kwa 30: mita 1.5, sogeza sentimita 5. Sentimita 60, sogeza 2 tu. Kijana niliyekuwa nikimwelekeza alisogeza 6.5 na kikombe kikabaki viwili, hakikuungana. Tulipopunguza hadi 2, mkono wa kikombe ulijitokeza ukatamani kuushika.

Stendi ya miguu mitatu siipendi kwa kazi hii. Bana rula ya chuma mezani, kamera ikae juu ya kiboksi cha mbao, kiboksi kiteleze kikigusa rula. Kamera ikipanda au kushuka hata kidogo, picha hugoma kuungana. Kama mwanga ni wa jua la dirishani, usichelewe kati ya picha na picha: kivuli kilichohama huonekana kinaelea hewani.

Programu zinazotengeneza kina kutokana na picha moja ziache. Kilicho nyuma ya kikombe hazijakiona, zinakibuni.

4. Chapisha picha zote mbili kwenye kadi moja, ya kushoto ikae kushoto. Nukta ileile katika picha hizo mbili isiachane zaidi ya sentimita 6.5. Tazama kwa stereoskopu yenye lenzi mbili, kifaa kinachofanya kila jicho lione picha yake tu. Ukuta wa nyuma ukija mbele ya kikombe, umekosea pande, zibadilishane.