Jinsi ya Kukagua Vipuri vya Gari la Mashindano Kutoka Karakana ya Familia
Unapoagiza mikono ya saspenshoni, yaani vipuri vinavyounganisha magurudumu na bodi ya gari, katika karakana ndogo ya familia, ambako aliyekichonga kipuri mara nyingi ndiye anayekukabidhi, omba kwanza cheti cha metali na uhakikishe kwamba namba yake inalingana na ile iliyogongwa kwenye kipuri. Alumini ya aina ya 7075 ni imara kuliko ya aina ya 6061, lakini haifai kuchomelewa kwa njia za kawaida. Ukiona alama ya kuchomelea juu yake, kirudishe bila mjadala.

Kisha tafuta nyufa, kazi ambayo binafsi siifanyi kwa haraka hata kidogo. Safisha kipuri hadi mafuta yote yatoke, kipake rangi nyekundu ya kupenya, subiri kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kifute kwa kitambaa, halafu kipulizie unga mweupe: palipo na ufa, hata ukiwa mwembamba kama unywele, patajichora mstari mwekundu. Chunguza zaidi kona za ndani na kingo za matundu, kwani huko ndiko mkazo hujikusanya.

Mwishowe, kaza bolti kwa spana ya kupimia nguvu, kisha chora mstari wa rangi unaovuka kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye kipuri, ili ikilegea uione mara moja.