Klipu za kamba ya waya: tandiko likae upande gani?

Ukikunja kamba ya waya kutengeneza kitanzi, tazama klipu yako kabla hujakaza nati. Ina sehemu mbili: tandiko lenye mifereji, na boliti ya umbo la U. Tandiko lazima likae kwenye upande mrefu unaobeba mzigo. U ikae kwenye ncha fupi iliyokunjwa. Ukigeuza, U inabonda nyuzi zilezile zinazobeba mzigo, na kamba inadhoofika pale pale ulipofunga. Klipu zote zielekee upande mmoja. Wapo wanaozipishana, moja hivi na nyingine vile, wakidhani zinashika zaidi. Si kweli, na ni hatari.

Kwa mzigo wa maana nunua klipu za chuma cha kufuliwa, zenye saizi ileile ya kamba. Zile za kusubu waachie wafunga uzio. Kamba ya milimita 12 huhitaji klipu zisizopungua 3; nene zaidi huhitaji nyingi zaidi, fuata jedwali la mtengenezaji. Ziachane kama mara 6 ya unene wa kamba.

Anza na ile ya karibu na ncha, kisha ya karibu na kitanzi, halafu za katikati. Ukishapakia mzigo mara ya kwanza, kaza tena. Kamba ikivutwa hupungua unene, nati zinalegea bila wewe kuona. Hapa ndipo wengi wanaposahau, na hapa ndipo kamba huchomoka.