SOMO: Namna ya kumshtaki kiongozi wa umma kwa kosa la maadili, na wakati gani uachane na Maadili uende TAKUKURU (Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa)

Wakuu, salaam.

Malalamiko mengi dhidi ya viongozi yanakufa kabla hayajasomwa vizuri. Mlalamikaji ana hoja ya kweli, ila kagonga mlango usio wake au kaandika matusi badala ya tendo. Somo hili ni la Tanzania Bara. Zanzibar nitaigusa kwenye maswali.

Hatua ya 1: Je, huyo mtu ni "kiongozi wa umma" kisheria?

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 (Sura ya 398) haimgusi kila anayelipwa mshahara na serikali. Imetaja vyeo: Rais na Makamu wake, Waziri Mkuu, mawaziri, wabunge, majaji na mahakimu, makatibu wakuu, wakuu wa mikoa na wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, mameya, madiwani na wengine wa ngazi hizo. Mtendaji wa kijiji hayumo, wala nesi wa zahanati. Hao wana mamlaka zao za nidhamu chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma.

Chombo kinachosimamia sheria hii ni Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, iliyo kwenye Katiba yenyewe, Ibara ya 132, ikiongozwa na Kamishna wa Maadili. Makao makuu yako Dodoma na kuna ofisi za kanda, kwa hiyo huhitaji kupanda basi la usiku kwenda kupeleka barua.

Hatua ya 2: Tenganisha kosa la maadili na jinai

Hapa ndipo wengi tunapopotea, acha niende taratibu.

Kosa la maadili ni kuvunja masharti ya uongozi: kutotoa tamko la mali na madeni (ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka madarakani), kutoa tamko la uongo, kuficha mgongano wa maslahi, kupokea zawadi au fedha asizostahili kwa nafasi yake. Adhabu zake ni za kiuongozi: onyo, kushushwa cheo, kusimamishwa, kufukuzwa, kushauriwa ajiuzulu, au suala kupelekwa kwenye sheria nyingine inayohusika. Baraza la Maadili, chombo kinachosikiliza mashauri haya, halimfungi mtu jela.

Jinai ni rushwa, matumizi mabaya ya mamlaka, mali isiyoelezeka, kusababishia serikali hasara. Huko ni TAKUKURU, hasa kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007.

Tendo moja linaweza kuwa yote mawili. Kumbukeni sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow. Taarifa ya PAC (Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali) ilisomwa bungeni Novemba 2014, na Desemba Rais Kikwete akatengua uteuzi wa Waziri wa Ardhi, Prof. Anna Tibaijuka, aliyepokea shilingi bilioni 1.6 na kueleza kuwa ni mchango kwa shule. Februari 2015 Baraza la Maadili, chini ya Jaji Hamisi Msumi, likaketi ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, na kuwahoji viongozi hadharani. Swali la pale lilikuwa la maadili: kiongozi alipokea nini, kutoka kwa nani, na sheria ilimtaka afanye nini. Mbunge Andrew Chenge alipoitwa alikuja na zuio la Mahakama Kuu. Kwa hiyo ukiona shauri limesimama ghafla, usikimbilie kusema limehongwa. Huenda kuna amri ya mahakama.

Upande wa jinai, chukua kesi ya mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona. Walishtakiwa 2008 na kutiwa hatiani na Mahakama ya Kisutu Julai 2015 kwa matumizi mabaya ya madaraka na kuisababishia serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7 kupitia msamaha wa kodi kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu. Hawakushtakiwa kwa kuhongwa. Katibu Mkuu aliyeshtakiwa pamoja nao, Gray Mgonja, aliachiwa huru.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi

Kesi hizi zinajengwa kwa nyaraka. Sauti ya kunong'ona kwenye simu haitoshi. Tafuta muhtasari wa kikao, hati ya malipo, taarifa ya kampuni kutoka BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), matokeo ya zabuni, ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya halmashauri yako. Usiibe faili la ofisi! Andika tu lilipo na namba yake. Mchunguzi ana mamlaka ya kuliitisha.

Hatua ya 4: Andika lalamiko

Linganisha haya (mfano wa kubuni):

*"Diwani wetu ni fisadi papa, anakula jasho la wanyonge, tunaomba hatua kali."*

*"Tarehe 14 Machi, Kamati ya Fedha ilijadili malipo ya ujenzi wa vyoo vya shule. Diwani alihudhuria na kuchangia, muhtasari ukurasa wa 3. Hakutamka kuwa mkewe ni mwanahisa wa kampuni inayolipwa. Naambatisha taarifa ya BRELA."*

La kwanza mchunguzi hana pa kulishika. La pili lina tarehe, kikao, ukurasa na kampuni. Anaweza kuanza kazi asubuhi ileile. Weka jina na mawasiliano yako ili aweze kukurudia, na usitie chumvi, maana kutoa tuhuma za uongo kwa makusudi nako ni kosa.

Hatua ya 5: Baada ya hapo

Sekretarieti inachunguza. Ikiona kuna hoja, shauri linaenda Baraza la Maadili, ambalo mwenyekiti wake ni jaji au jaji mstaafu. Kiongozi anasikilizwa, mashahidi wanaitwa, kisha mapendekezo yanakwenda kwa mamlaka inayomhusu. Binafsi naona hapa ndipo sheria ilipolegea: Baraza linapendekeza, mwingine ndiye anaamua.

Kwa jinai, TAKUKURU ikimaliza uchunguzi, makosa karibu yote isipokuwa hongo ya kawaida ya kifungu cha 15 yanahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) kabla ya kufika mahakamani.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kahama: Mwalimu mkuu anachangisha hela bila risiti. Nimpeleke Baraza la Maadili?

Hapana mkuu. Nidhamu yake iko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Kama hela inaingia mfukoni, piga 113 TAKUKURU, ni bure.

Mdau wa Mbeya: Naweza kuona fomu ya mali ya mbunge wangu?

Kwa masharti. Uwe umewasilisha lalamiko, Kamishna aridhike kuwa una nia njema, na ulipe ada. Kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp usithubutu. Kwangu mimi utaratibu huu uko kichwa chini miguu juu: unahitaji fomu ili ulalamike, na unatakiwa ulalamike ili uione.

Dada wa Morogoro: Akijiuzulu mapema ndiyo imeisha?

Kwa adhabu za cheo, inabaki kidogo sana, maana cheo chenyewe hana. Jinai inamfuata. Mramba na Yona walifikishwa mahakamani wakiwa si mawaziri tena.

Mdau wa Unguja: Na sisi huku?

Mna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Namba 4 ya 2015 na Tume ya Maadili yenu wenyewe. Rushwa ni ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi ya Zanzibar.

Mdau (kaomba eneo lisitajwe): Mimi ni mhasibu hapo hapo ofisini. Wakijua ni mimi, kazi sina.

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, inayomlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika. Zingatia hayo maneno "mamlaka husika": ukianzia mitandaoni unajiweka nje ya kinga hiyo. Nenda mwenyewe ofisi ya kanda, usitumie kompyuta wala barua pepe ya kazini, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka. Hiyo nakala usiiache kwenye droo ya ofisi.