SOMO: Kuunganisha kompyuta za mtumba ziwe klasta ya kurenda video za harusi

Wenye studio hapa Tanga mnauliza sana kama inawezekana kuwa na klasta, yani kompyuta kadhaa zinazogawana kazi moja, ya kurenda, yani kutoa video ya mwisho iliyokamilika. Inawezekana na si kitu kipya, mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker wa NASA waliunganisha kompyuta 16 za kawaida wakaiita Beowulf. Ila msikimbilie kununua.

Hatua ya 1. Chukua harusi yako yenyewe, irende kwenye mashine moja huku unaangalia saa. Andika kila kimoja peke yake: muda wa kurenda fremu, yani picha mojamoja za video (unagawika kwa mashine nyingi) na muda wa kukopi faili na kuunga vipande mwishoni (haugawiki).

Hatua ya 2, hapa ndo pesa zinapopotea. Tuseme kazi ni dakika 100 na 10 hazigawiki. Mashine 8 utamaliza kama dakika 21, mashine 16 kama dakika 16, yani umenunua mashine nane nyingine kuokoa dakika tano na kitu! Hata ulete mia hushuki chini ya 10, ndo kanuni ya Amdahl ya 1967 hiyo, na mtandao bado sijauhesabu.

Hatua ya 3. Swichi ya gigabiti (kifaa cha kuunganisha kebo za mtandao), Linux (mfumo endeshi) toleo moja kote, funguo za SSH (za mashine kuingiliana bila nywila), folda moja ya NFS (mashine zote zinaisoma kupitia mtandao). Kebo mbovu ikishika spidi ya 100 Mbps (megabiti kwa sekunde) badala ya 1000, mashine zote zinaisubiri.

Hatua ya 4. Rudia kazi ileile kwa mashine 1, 2, 4, 8. Gawa muda wa mashine moja kwa muda wa klasta, kisha gawa kwa idadi ya mashine, utapata sehemu ya nguvu inayofanya kazi kweli (1 ni yote). Kwa mfano wetu 8 zinatoa 0.59, 16 zinatoa 0.4, maana yake kwa hizo 16 zaidi ya nusu ya nguvu uliyonunua imekaa bure. Halafu chomoa kebo ya mashine moja kazi ikiwa katikati, kama kazi nzima inakufa basi klasta yako bado haijawa tayari, umeme wetu mnaujua wenyewe.

MASWALI

– Mkuu Wi-Fi haifai?
– Haifai kaka, zote zinagombea hewa moja.

– Mi nina kompyuta mbili za prosesa ya i5 na tatu za Core 2 Duo (prosesa za zamani zaidi), nizigawie fremu sawasawa?
– Hapana dada, weka foleni, anayemaliza fremu zake achukue nyingine, la sivyo i5 zitakaa kuzisubiri hizo kongwe. Na jaribu kuzizima kabisa hizo tatu uone, pengine utapoteza dakika chache tu na luku ikapona.

– Niko Ngamiani, chumba hakina AC, itakuaje?
– Nane zikikazana ni kama umeacha pasi imewaka humo ndani. Zikipata moto zinajipunguzia spidi zenyewe, kwahiyo vipimo vya hatua ya 4 fanya saa nane mchana, vya usiku vitakudanganya.