Anapoandika "dada" Mahali pa "baba": Namna ya Kumsaidia Mtoto Anayeona Lakini Hatambui

Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kusimama juu ya mawe ya Capri Point, Mwanza, akakuonyesha kwa kidole mtumbwi ulio mbali ziwani, na jioni hiyo hiyo akasoma "dada" palipoandikwa "baba". Jicho lake linaona vizuri. Kazi ya kutofautisha vitu vinavyofanana, kukumbuka umbo lake na kujua kipi kiko kushoto hufanywa na ubongo, na hapo ndipo baadhi ya watoto hukwama. Wengine hukwama katika milango mingine ya fahamu: mlio wa mashine ya kusaga huwatia hofu kuu, lebo ya shati huwawasha shingoni hadi wakalia, au hawatulii mpaka waruke na kujibamiza ukutani. Mtoto wa namna hii huitwa mvivu au mtukutu, akachapwa kwa jambo asiloweza kulizuia, na hilo ni dhuluma.

Hatua ya kwanza ni kupima macho na masikio hospitalini, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri au anayehitaji miwani huonyesha dalili zinazofanana na hizi. Kugeuza b na d pekee, kabla ya kutimiza miaka 7 hivi, ni jambo la kawaida.

Kisha chukua daftari na uandike kwa wiki mbili: ni saa ngapi alilia, palikuwa wapi, nini kilitangulia. Ikiwa hulia kila mnapokwenda soko la Mwaloni, huenda kinachomkera ni harufu ya dagaa, msongamano wa watu au honi. Mpeleke siku moja mapema, kabla watu hawajajaa, nawe utajua kama chanzo ni harufu au ni kelele.

Kwa mazoezi ya kutambua, sijaona kifaa kinachoushinda ungo. Mimina mchele kikombe kimoja, changanya maharage mekundu kumi, mwambie ayatafute kwa macho kwanza, ndipo ayaokote. Akizoea, badilisha maharage kwa choroko, baadaye kwa punje za mpunga, ambazo karibu zinafanana na mchele wenyewe. Anachojifunza ni kukitenga kitu na mandhari yake, uwezo ule ule anaouhitaji ili apate neno moja katika ukurasa uliojaa maneno. Dakika kumi zinatosha, akichoka, acha.

Herufi zifundishwe kwa mchanga mkavu ndani ya sinia. (Mchanga wa ufukweni unafaa, lakini asichezee majini, kwa kuwa kichocho kipo katika ziwa letu.) Achore b huku akisema "fimbo kwanza, kisha tumbo", na aizoee siku kadhaa kabla ya kufundishwa d, ambayo ni "tumbo kwanza, kisha fimbo". Ukizifundisha pamoja siku moja, unazidisha mkanganyiko.

Mwombe mwalimu amketishe mbele, amruhusu kutumia daftari la miraba, na apunguze kazi za kunakili ubaoni. Kipande cha boksi kilichotobolewa dirisha la mstari mmoja humsaidia kusoma bila kupotea.

Mtoto asiyetulia apewe kazi ya nguvu kabla ya kukaa kusoma: kubeba ndoo ndogo ya maji au kukanda unga wa chapati, maana misuli ikifanya kazi watoto wengi hutulia. Anayeogopa kelele aambiwe mapema kwamba mashine itawashwa, wala asilazimishwe kuzoea.

Nadharia ya kwamba ubongo wa watoto hawa hukwama kupanga taarifa za milango ya fahamu ilijengwa na A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa Marekani, na hadi leo madaktari hawakubaliani kama hali hii ni ugonjwa unaojitegemea. Mara nyingi dalili hizi huambatana na usonji au shida nyingine za ukuaji. Kwa hiyo mtoto asiyegeuka akiitwa jina, aliyechelewa kusema, au aliyeanza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, asisubirishwe mazoezi ya nyumbani. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando ikihitajika, na ubebe lile daftari la wiki mbili pamoja na madaftari yake ya shule, yale yenye makosa yasiyofutwa.