Jinsi ya kutundika shabaha ya chuma bila vipande kukurudia

Jumamosi iliyopita nilishinda shambani, huku Texas, nikimsaidia shemeji yangu kufunga shabaha yake ya kwanza ya chuma. Karatasi zilishamchosha: unapiga, halafu unatembea kwenda kutafuta matundu. Chuma kinakujibu papo hapo. Ila risasi ikishindwa kupenya, inasambaratika, na vile vipande lazima viende mahali. Kazi yetu ni kuchagua viende wapi.

Kabla ya yote: kama uko Marekani kwa viza ya muda, mfano ya masomo, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kumiliki au hata kushika bunduki. Kuna vighairi vichache, kikiwemo leseni halali ya uwindaji. Jihakikishie kwanza.

Hatua ya 1: Chuma chenyewe

Nunua bamba la AR500, unene wa inchi 3/8. Hiyo 500 ni ugumu kwa kipimo cha Brinell. Chuma laini cha kutengenezea mageti hakifiki hata 200. Mimi nilianza na kipande nilichookota kwenye mabaki ya trela. Baada ya risasi chache kilijaa vishimo, na kipande cha risasi kikarudi kunichana juu ya goti.

Ukitaka kuelewa kwa nini, nenda jikoni. Fungulia bomba juu ya mgongo wa sahani: maji yanatawanyika pembeni. Sasa weka kijiko, upande wa shimo: maji yanakurukia kifuani. Bamba lenye vishimo ni kijiko. Na usimpelekee fundi alikate kwa gesi au alichomelee masikio ya kutundikia, kwani moto unaua ugumu wake pale pale ulipopita.

Hatua ya 2: Mahali

Tuta refu la udongo nyuma, mchanga chini, mawe yaondolewe. Fyeka majani makavu. Mwaka 2013 watafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani walionyesha kwamba vipande vya risasi iliyogonga chuma vinaweza kuwasha moto.

Hatua ya 3: Kuinamisha

Hapa ndipo Jumamosi yetu ilipoishia. Bamba linatakiwa liiname mbele, uso wake uangalie chini, nyuzi 15 hadi 20, ili vipande vingi vizame mchangani. Wengi hupitisha mnyororo kwenye tundu na kwenda zao. Mnyororo siupendi: risasi ikigonga pete yake, hujui itakakoelekea. Natumia ukanda uliokatwa kwenye mpira kuukuu wa maji wa zimamoto.

Shemeji aliubana ukanda ukagusana na mgongo wa bamba. Likasimama wima kama mlango. Akauhamishia mbele, na hapo likawa baya zaidi: likalala kinyumenyume, uso ukaangalia mawinguni. Tukaongeza uzito chini, tukaegemeza ubao, tukabishana. Saa mbili zikapita.

Dawa ni kuning'iniza kutokea nyuma. Chukua bolti ndefu yenye kichwa cha mviringo, kichwa kikae upande wa mpigaji (nati ikikaa mbele, kona zake zitarusha vipande ovyo). Nyuma ya bamba ikaze kwa nati, kisha ukanda uubane kwenye bolti hiyo, inchi moja na nusu nyuma ya bamba, kati ya nati mbili. Kwa bamba la mraba la inchi 12, tundu likiwa inchi moja kutoka juu, uzito wenyewe utalivuta liiname kama nyuzi 17. Ukanda uwe mlegevu. Ukiwa mkavu na mgumu unapingana na uzito, na vipimo vyote vinaharibika. Ukubwa wa bamba ukibadilika, pima upya.

Kupima sihitaji programu ya simu. Shusha timazi kutoka ukingo wa juu, kama fundi mwashi: ukingo wa chini uwe nyuma ya uzi kwa inchi tatu hadi nne. Halafu lipige ngumi, litulie, upime tena.

Hatua ya 4: Risasi na umbali

Bastola, usisogee karibu zaidi ya yadi 10. Bunduki ndefu, yadi 100. Mwendo ukizidi futi 3,000 kwa sekunde risasi inapogonga, hata AR500 huchimbika. Pitisha sumaku kwenye kila boksi. Ikinata, boksi lirudi garini. Zile za ncha ya kijani, M855, zina chuma ndani, hazifai kabisa. Bunduki ya marisau: marisau ya madini ya risasi tu, si ya chuma.

Hatua ya 5: Watu

Miwani ya kinga yenye alama ya Z87 (kiwango cha Marekani cha kukinga macho) na vizibo vya masikio kwa kila mtu, hata anayetazama tu. Wote nyuma ya mpigaji, asisimame mtu ubavuni mwa bamba.

Hatua ya 6: Kila baada ya raundi

Bunduki zikishatolewa risasi na kuwekwa chini, nenda ukalikague. Pitisha kiganja usoni mwa bamba: ukihisi shimo, au likiwa limepinda, limestaafu. Kama ni zima, lipulizie rangi nyeupe. Vumbi lililobaki lina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo nawa kwa maji na sabuni kabla hujagusa sambusa. Shemeji alitaka kujifutia suruali tu. Dada yake akaondoa sahani.